Redio Aliyegoma Kutangaza Moshi

Kwenye mlima wa Caroá, huko Recife, mtu alikuwa hajafa mpaka Gildásio amtangaze. Padri angeweza kuja na mafuta yake, majirani wangelia mpaka makoo yakauke, lakini mpaka ile baiskeli yenye spika mbili mbele na betri ya gari nyuma ipite ikisema, "Kwa masikitiko makubwa, familia ya marehemu fulani inawatangazia," watu walibaki wakiulizana, "Kwani ni kweli?" Ndiyo sababu walimwita Redio, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile la ubatizo.

Ujana wake aliumalizia sokoni, akinadi mananasi ya watu wengine. Soko lilipobomolewa ili pajengwe maegesho ya magari, wenzake walilia. Yeye alisema, "Wamechukua meza, koo wameniachia," akapanda mlima na koo lake. Akaunga spika kwenye baiskeli, akaanza kutangaza kila kitu: gesi imefika, mbuzi wa Bi fulani amepotea, misa ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi itaanza mapema, timu ya Santa Cruz imefungwa tena na Mungu awafariji mashabiki. Baiskeli hiyo ndiyo iliyomlea binti yake Rosilene baada ya mama yake kufariki.

Kitu kimoja tu hakukitangaza: uongo. Siku moja mchuuzi wa samaki alimtaka atangaze kwamba mzigo wa jana ni wa leo. Gildásio alipanda baiskeli, akafungua sauti hadi mwisho: "Samaki wa jana! Bei iwe ya jana! Anayetaka wa leo asubiri kesho!" Mchuuzi alimfukuza na kisu cha kuparia magamba mpaka nusu ya mlima. Watu walicheka wakashika mbavu, kisha wakaenda kununua samaki wote, maana walau walijua wanakula nini.

Basi ukaja mwaka wa mbu.

Maji ya bomba kule Caroá yalikuja kama mgeni mkubwa: kwa kuchelewa, bila taarifa, na hayakukaa. Yakija, mlima mzima uliamka, watu wakajaza kila chenye tumbo: mapipa, ndoo, masufuria, beseni la kuogeshea mtoto. Yakikatika, watu waliishi na yale ya kwenye mapipa mpaka Mungu akumbuke tena. Na mbu yule mdogo mwenye miguu ya madoadoa meupe hataki bwawa wala mto. Anataka pipa, tena la maji safi, tena kivulini. Caroá ikawa ikulu yake.

Wagonjwa walianza mmoja mmoja, kisha nyumba kwa nyumba. Ilikuwa chikungunya, ugonjwa uliovuka bahari na jina lake la Kimakonde, maana yake kinachokunja mtu. Na kweli ulikunja. Neuza, mke wa Jurandir mwoka mikate, mwanamke aliyekuwa akicheza kwenye Kanivali kuanzia Jumamosi hadi Jumanne bila kuvua viatu, alikunjika vidole mpaka akawa hawezi kushika kijiko. Halafu kukawa na ule ugonjwa mwingine, unaowaumiza watoto wakiwa bado tumboni mwa mama zao, ambao watu waliusema kwa sauti ya chini. Rosilene alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alilala ndani ya chandarua hata mchana, akiogopa kuchungulia nje kama mtu mwenye madeni.

Kwa hiyo kampuni iliyopewa na jiji kazi ya kupuliza dawa ilipomtuma kijana mmoja mwenye shati safi amtafute mtangazaji, Gildásio hakujadili sana. Aliambiwa aseme hivi: gari la kufukiza litapita alfajiri, kila mtu afungue milango na madirisha yote, moshi uingie mpaka uvunguni, na dawa hiyo haina madhara kwa binadamu.

"Haina madhara kabisa?" aliuliza.

"Mzee, ingekuwa na madhara tungeipuliza mjini kote?"

Jibu hilo lilimtosha. Alifikiria tumbo la binti yake, akapanda baiskeli, akapita vichochoro vyote jioni mbili mfululizo. "Fungueni madirisha, enyi watu wa Caroá! Mbu leo ndiyo mwisho wake!" Yale ya mwisho aliyaongeza mwenyewe, kwa furaha.

Gari lilikuja kabla ya jua. Mgongoni lilibeba mtambo uliounguruma kama trekta, na nyuma walisimama wanaume wawili waliojifunika mavazi meupe kuanzia utosini, nyuso zimefichwa ndani ya barakoa kubwa zenye midomo ya nguruwe. Gildásio, akiwa mlangoni kwake, aliwaona wakipita barabarani kule chini, akahisi kitu kimemgusa moyoni. Kama haina madhara, mbona wao wamevaa hivyo na sisi tumeambiwa tufungue? Lakini wazo lilikuja limechelewa. Moshi mweupe ulikuwa umeshaingia, mzito, wenye harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na kitu kitamu cha kuchefua. Rosilene alijifunga khanga puani, akakimbilia chooni kutapika.

Kabla ya saa sita mchana, Quitéria alikuwa mlangoni.

Quitéria alikuwa jirani wa ukuta mmoja, bibi mwembamba aliyefuga nyuki wale wadogo wasiouma kwenye masanduku ya mbao chini ya dirisha la jikoni. Asali yao ndiyo iliyokuwa dawa ya kifua ya nusu ya mlima. Alikuwa na kitambaa mkononi. Alikifungua. Ndani mlikuwa na nyuki, lundo zima, wengine bado wanatikisa mguu mmoja.

"Pole, Mama Quitéria," alisema Gildásio.

"Hao waache. Hao nitawalilia baadaye. Taís yuko zahanati."

Taís alikuwa mjukuu wake, msichana wa miaka saba mwenye pumu. Pumu yake ilikuwa imetulia tangu Krismasi. Asubuhi ile ilimkaba mpaka midomo ikabadilika rangi, na vijana wawili wakamshusha ngazi za mlima mgongoni, wakipokezana, maana hakuna gari linalofika mlangoni kwa Quitéria.

"Anaendeleaje?"

"Anapumua kwa mashine. Wanasema atatoka kesho." Bibi aliukunja tena ule mzigo wa nyuki. "Redio, mimi serikali siijui. Sijawahi kuisikia ikisema na mimi. Niliyemsikia akiniambia fungua dirisha ni wewe."

Hakupiga kelele. Angepiga, Gildásio angejua la kufanya. Maisha yake yote alishindana na kelele. Alibaki amesimama na mikono imening'inia, na mwanamke akaenda zake.

Mchana ule ule aliteremka hadi ofisi ya kampuni. Yule kijana wa shati safi alikuwa anakunywa kahawa.

"Mnapuliza dawa gani?" Gildásio aliuliza.

"Dawa ya mbu."

"Najua si ya meno. Inaitwaje?"

"Mzee, mambo hayo ya kitaalamu yako juu. Mimi natafuta watangazaji tu. Na wewe ulifanya vizuri! Alhamisi ijayo tunarudi, halafu Alhamisi nyingine. Utatangaza vilevile."

"Sitangazi."

"Nini?"

"Nimesema sitangazi. Kuna mtoto amelazwa. Kama dawa haina madhara, nitajie jina lake, nilipeleke zahanati wamtibu mtoto wakijua kilichomkaba."

Kijana aliweka kikombe chini. "Basi tutatumia spika yetu wenyewe."

"Itumieni. Nyie pazeni sauti mpaka mpasuke. Kule juu hakuna anayeijua sauti yenu."

Jioni watu walisikia baiskeli ikipanda, wakatoka milangoni kujua nani amekufa. Gildásio alisimama pale kwenye mnara wa msalaba, mahali ambapo sauti hushuka pande zote mbili za mlima, akasema: "Tangazo hili halijalipiwa na mtu. Ni la kwangu mimi, Gildásio. Niliwaambia mfungue madirisha. Niliambiwa, nikawaambia, sikuuliza. Leo nimeuliza na sikujibiwa. Kwa hiyo Alhamisi gari likija, mimi dirisha langu nitalifunga. Na barabara yangu vilevile."

Alizima spika. Kisha mtu mmoja gizani kwenye kibaraza akapiga makofi, na mwingine, na mahali fulani mwanamke akapiga kelele, "Sema, Redio!"

Lakini si wote waliopiga makofi. Asubuhi, alipoingia dukani kwa Jurandir kununua mkate, mwoka mikate hakumpa. Alijifuta unga mikononi polepole huku akimkazia macho.

"Tangu lini wewe daktari?"

"Sijasema mimi daktari, Jurandir. Nimesema sitangazi nisichokijua."

"Mimi ninachokijua nitakuambia. Neuza namvalisha nguo mimi. Namchana nywele mimi, mwanaume mzima na chanuo! Usiku akigeuka kitandani analia kama mbwa aliyekanyagwa. Leo serikali inaleta kitu cha kumuua mdudu aliyemfanya hivyo, wewe na baiskeli yako unasema kisije? Wivu wa nini?"

"Mbu walikufa jana?"

Jurandir akapangusa meza iliyokuwa safi.

"Nakuuliza. Usiku uliumwa na mbu, hukuumwa?"

"Niliumwa," alisema Jurandir kwa hasira. "Na wewe unaumwa, na wote tunaumwa, ndiyo maana warudi tena! Mkate umekwisha."

Mkate ulikuwa umejaa rafu nzima nyuma yake. Gildásio alitoka bila neno. Aliumia, maana Jurandir ndiye aliyesimama naye siku ya kumzika mkewe.

Jiji lilisikia kwamba Caroá kuna vurugu, likamtuma daktari mmoja wa afya ya jamii aje kuzungumza na watu kwenye uwanja wa shule. Aliitwa Daktari Eliane, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya kutembelea, na ilionekana amepanda ngazi zote kwa miguu, hakujificha ndani ya gari. Watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Alianza vizuri. Alieleza idadi ya wagonjwa inavyopanda, akaeleza kwamba moshi huua mbu wanaoruka, na akakubali mwenyewe kwamba hauwaui viluwiluwi walio kwenye maji.

Rosilene akasimama, mkono mmoja tumboni. Baba yake hakuwa amejua kama angesema.

"Daktari, samahani. Mimi nina mimba. Naogopa mbu mpaka sipati usingizi. Sasa naomba uniambie kama dada yangu: huo moshi nikiuvuta, mtoto wangu hapati kitu?"

Daktari Eliane aliweka karatasi zake chini. Angeweza kusema lolote na watu wengi wangemwamini. "Kwa kipimo kinachopulizwa, wataalamu wanasema hatari ni ndogo," alisema. "Lakini ukiniuliza kama dada yako, ningekuambia siku hiyo uondoke nyumbani."

Uwanja ulivuma kama mzinga.

"Aende wapi?" mtu alipaza sauti. "Hotelini?"

"Mbona hilo halikutangazwa?"

"Leteni maji! Mkileta maji nani atafuga pipa?"

Daktari aliinua mikono. "Ndugu zangu, nawaelewa. Lakini maji si idara yangu. Maji ni—"

Hapo Gildásio akasimama juu ya benchi. Hakuwa na spika, wala hakuihitaji.

"Mama Daktari, nakuheshimu, umekuja kwa miguu na umemjibu binti yangu ukweli. Lakini sikiliza. Mbu ni idara yako, maji si idara yako, moshi ni idara ya kampuni, na mjukuu wa Quitéria ni idara ya zahanati. Mbu mwenyewe hajui idara. Anajua pipa. Tufungulieni bomba, mapipa tutayachoma moto wenyewe na tutacheza juu ya majivu. Mpaka siku hiyo, mtu asije kunifukiza nyumbani kwangu kama panya, halafu aniambie asante ni lazima!"

Kelele zilizofuata hazikupimika. Daktari Eliane alisubiri zitulie. Uso wake ulikuwa umechoka. "Nimeombwa niue mbu, na hiki ndicho nilichopewa mkononi," alisema. "Habari ya maji nimeiandika mara nyingi kuliko mnavyodhani. Nitaiandika tena. Lakini siwezi kuwadanganya. Gari litakuja Alhamisi."

"Basi lije," akasema Quitéria kutoka mstari wa mbele, kwa sauti ileile ndogo. "Litatukuta."

Hakuna aliyekaa kupanga. Caroá ina barabara moja tu inayopitika kwa gari, nyembamba, iliyobanwa na kuta pande mbili, na kila mtu alijua pa kuizibia. Alhamisi mbingu zilipoanza kuwa kijivu, Gildásio alisukuma baiskeli hadi pale kwenye kona ya mkorosho, akailaza katikati ya njia. Alidhani atakuwa peke yake kwa muda. Hata hajamaliza kufunga nyaya, akasikia kishindo cha kitu kinachobingirika kutoka juu. Lilikuwa pipa la bluu, tupu, linashuka mteremko likirukaruka, na nyuma yake Rosilene anakimbia na tumbo lake akipiga kelele, "Baba, lishike!"

Alilishika. Likaja la Quitéria. Likaja la fundi viatu, la kanisa, la ndugu watatu ambao hawakuwa wamesemeshana tangu urithi. Maji yalikuwa hayajatoka kwa muda mrefu, kwa hiyo mapipa yote yalikuwa yanalia ndani kama ngoma, na vijana walianza kuyapiga. Mlima mzima ukaamka kwa ngoma hiyo. Walipoyapanga safu ya kwanza wakapanga ya pili juu yake.

Gari la kufukiza lilipotokea chini likasimama. Dereva akateremka. Alikuwa mtu mzima, hana barakoa, ana kofia ya timu ya mpira.

"Mzee wangu, mimi nimetumwa tu."

"Najua, ndugu yangu. Lakini waliokutuma hawakututuma sisi kukupisha."

"Nikirudi bila kupuliza watanikata mshahara."

"Waambie umekuta mapipa ya maji barabarani. Waambie umeshindwa kuyasukuma kwa sababu hayana maji."

Dereva alitazama ile ngome ya bluu, akajikuna chini ya kofia, na kabla hajajizuia akacheka. "Kwetu Ibura hali ni hiyohiyo," alisema, akarudi kukaa garini, akawasha sigara. Wale wawili wenye mavazi meupe walibaki wamesimama nyuma kwenye jua lililokuwa limeanza kuchoma, mpaka mmoja akavua barakoa apumue.

Polisi ndio walioharibu utani. Walifika kwa magari mawili, na mkubwa wao hakutaka kusikia habari ya mapipa. Alimwona mwenye spika. "Wewe ndiye kichwa cha haya?"

"Mimi ni mtangazaji, afande."

"Zima."

Gildásio hakuzima. Akaisogeza maiki mdomoni. "Enyi watu wa Caroá, habari ya asubuhi. Afande anasema nizime. Mimi nasema—" Na hapo askari akakata waya kwa koleo. Spika zikakohoa, zikafa. Zikang'olewa, zikatupwa nyuma ya gari la polisi pamoja na betri, na mikono ya Gildásio ikafungwa nyuma.

Vijana wakaacha kupiga mapipa, kama bendi iliyokatiwa umeme katikati ya wimbo. Kisha Quitéria akajaza mapafu yake membamba: "Maji kwanza!" Mwanamke wa nyumba ya juu akaipokea: "Maji kwanza!" Akaipokea wa juu yake. Sauti ikapanda mlima dirisha kwa dirisha, ikavuka msalaba, ikateremka upande wa pili ambako hakuna hata aliyeyaona mapipa, na huko nako ikarudishwa. Gildásio, amekandamizwa shavu kwenye bodi ya gari, aliisikia ikizunguka, na akili yake ikamwambia jambo ambalo hakuwa ameliwaza hata siku moja: walikuwa na makoo yao muda wote huo.

Mkubwa wa polisi akaamuru mapipa yaondolewe. Askari wawili wakaanza kuyavuta. Ndipo mlango wa duka la mikate, palepale kwenye kona, ukafunguliwa, akatoka Neuza.

Alitoka kwa hatua fupifupi, viganja vimekunjika kifuani kama makucha ya kuku, akilisukuma pipa lake kwa nyonga. Jurandir alikuwa nyuma yake.

"Neuza! Rudi ndani, utaanguka!"

"Nimekaa ndani tangu Kanivali, Jurandir. Nimechoka na ndani."

"Hawa wanazuia dawa yako!"

"Dawa yangu?" Alilifikisha pipa kwenye safu, akaliegemea, akageuka. Alikuwa anatweta. "Mbu aliyenikunja hakutoka mbali. Alizaliwa humu, kwenye pipa langu, nililoliweka jikoni kwa sababu bomba letu linatoa upepo. Nilimlea mwenyewe, mume wangu. Sasa afande, kama unalitaka hili pipa, njoo uninyanyue nalo. Lakini polepole, maana nikiguswa nalia."

Askari walitazamana. Hakuna aliyetaka kuwa yule atakayemgusa. Jurandir alibaki mlangoni, unga kwenye nyusi, hasogei mbele wala harudi nyuma. Hatimaye alileta kiti, akakiweka kando ya mkewe, akaingia ndani bila kumtazama mtu.

Jua lilipopanda sana, dereva wa gari la kufukiza alizima sigara ya mwisho na kusema kwamba dawa yenyewe haipulizwi kwenye joto kama lile, ni kuitupa tu. Akarudi kinyumenyume mpaka barabara kuu. Mapipa yalipigwa tena, safari hii kwa mdundo wa Kanivali.

Gildásio alikaa kituoni mpaka alasiri. Aliyekuja kumtoa hakuwa wakili. Alikuwa Daktari Eliane, na viatu vyake vilevile.

"Usinishukuru," alimwambia wakiwa nje. "Bado naona umekosea. Kuna watu wataugua ambao pengine wasingeugua."

"Inawezekana," alisema Gildásio.

"Lakini mtu hafungwi kwa kuomba maji." Alifungua mlango wa teksi, akasita. "Hilo nalo nimeliandika."

Mambo hayakwenda kama kwenye hadithi za watoto. Jiji liliendelea kufukiza mitaa mingine. Kwa Caroá, baada ya picha za mapipa kutokea magazetini, walitumwa watu wa afya wa kutembea kwa miguu, waliokagua pipa moja moja pamoja na wenyewe, na watu waliwapokea kwa kahawa na kuskusi, ule unga wa mahindi unaopikwa kwa mvuke. Wanawake walishona vifuniko vya mapipa kutokana na magauni chakavu ya Kanivali, hivi kwamba jikoni mwa wengi pipa lilikuwa limevaa vizuri kuliko mwenye nyumba. Maji yakaanza kuja mara mbili kwa wiki. Spika hazikurudishwa, polisi walisema hawazioni. Rosilene alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Watu wakataka kusema ni kwa sababu ya kuzuia moshi. Gildásio aliwakataza. "Hamjui, nami sijui. Semeni amezaliwa, inatosha."

Kisha mbu akampata yeye.

Ilianza kwa homa, na asubuhi ya pili vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba kama maboga. Alilala wiki nzima akigumia. Jurandir ndiye aliyekuja kumtazama, na mkate umefungwa kwenye karatasi. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akauweka mkate mapajani.

"Inauma?"

"Inauma."

"Sasa umejua." Hakusema kwa ubaya, lakini hakusema kwa upole pia. "Niambie ukweli, Redio, wewe usiyetangaza uongo. Ukiwa umelala hivi, leo gari likipita hapo nje, si utafungua dirisha?"

Gildásio alifumba macho. Kila kiungo mwilini kilikuwa kinajibu kwa niaba yake. Alijilazimisha kuketi, jasho likamtoka.

"Nitatambaa mpaka barabarani," alisema. "Nitalala chini ya tairi. Nimekunjwa mwili, Jurandir. Mengine yote yako palepale."

Jurandir alitikisa kichwa. "Wewe ni mjinga mwenye kichwa kama jiwe la kusagia." Akaukata mkate kwa mikono, akampa nusu. Hawakuzungumza tena juu ya moshi siku ile, na mpaka leo hawajakubaliana.

Kiangazi kilipokuja maji yakapungua tena. Kwanza mara moja kwa wiki, kisha yakapotea kabisa. Hapakuwa na baiskeli ya kupita kutangaza, wala haikuhitajika. Siku moja asubuhi kundi la watu liliteremka ngazi kwenda ofisi ya maji mjini, Quitéria akimshika Taís mkono, Neuza akiwa ametundika ndoo kwenye kiwiko maana vidole vyake bado vilikataa, na Gildásio katikati yao, akishuka ngazi moja na kupumzika, nyingine na kupumzika, akiyatukania magoti yake mama zao.

Walikaa kwenye ngazi za ofisi, kila mtu na ndoo tupu mbele yake. Mlinzi alitoka akawaangalia, akaingia ndani kuuliza, akatoka tena.

"Mkurugenzi anauliza kiongozi wenu ni nani."

Watu waliendelea kupanga ndoo. Neuza alikuwa anafungua chupa ya kahawa kwa meno.

"Basi anauliza mtaondoka saa ngapi."

"Mwambie atazame bomba la kwake," alisema Gildásio, akinyoosha mguu wake mbaya juani. "Likikauka kama letu, atatoka aje akae nasi. Nafasi ipo."

Wakamiminiana kahawa.